Shati la siku ya kwanza: namna nguo za watoto wachanga zilivyoanza kushonwa nyumbani Kongo ya mashariki

Katika materniti nyingi za Kivu, swali linalomngoja mama mlangoni ni fupi: «Mama, leyeti iko wapi?» Leyeti ni mfuko. Ndani yake mna vikwembe viwili au vitatu vilivyofuliwa, mashati madogo, boneti ya kichwa, shoseti, bavete na nepi. Mwenye nao anauweka juu ya meza na kuendelea. Asiye nao anainamisha kichwa. Wako wanaochelewa kwenda mpaka uchungu unawazidi, na wako wanaobaki kuzalia nyumbani, ijapokuwa njia iko wazi na miguu ingali na nguvu. Haya ndiyo inawashika. Kwa familia zilizokimbia vita usiku, zikaacha kabati na sanduku, swali hilo linauma mara mbili.

Sharti hilo halikutoka kwa mababu. Lina umri wa karibu miaka mia moja, na ukifuata njia yake unakutana na misafara ya Zanzibar, mashamba ya pamba, masista, kampani za madini, vita na baloti za mitumba. Dawa yake nayo ina historia, nayo ni patro ya nyumbani: kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti, au nguo kuukuu tu, ambayo mama analaza juu ya kikwembe na kukata shati bila kumlipa mtu.

Zamani mtoto wa milima hii hakuvikwa kitu kilichoshonwa. Alipakwa mafuta, akafungwa uzi au shanga kiunoni au mkononi, akabebwa mgongoni ndani ya ngozi laini ya mbuzi au ya kondoo. Joto lilitoka kwenye mgongo wa mama. Upande wa misitu, Maniema na Ituri, magome ya miti yalipigwa kwa nyundo mpaka yakawa laini kama kitambaa; na kuelekea Kasai watu walifuma nyuzi za mtende wa rafia. Tena, familia nyingi hazikupenda kabisa kutayarisha kitu cha mtoto kabla hajalia. Nguo iliyotangulia mtoto ilionekana kama kumwita mabaya. Jambo hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye materniti itadai kinyume chake kabisa: mfuko uwe tayari, ukaguliwe, hata miezi kabla ya siku.

Kitambaa cha dukani kilifika kutoka mashariki. Katika miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts kule Marekani, walikuwa wakishusha Zanzibar majora ya pamba isiyotiwa rangi, na watu wa pwani wakaiita amerikani. Misafara iliibeba mpaka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Nyangwe na Kasongo. Njiani ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipozuka mwaka 1861, pamba ya kule ikaadimika, na viwanda vya Manchester na Bombay vikachukua soko. Lakini jina halikubadilika. Hata leo mama wa Bukavu au wa Kindu akitaka pamba nyeupe isiyo na maua, anauliza amerikani, bila kujali imetoka inchi gani.

Amerikani ndicho kitambaa cha mashati ya kwanza ya watoto, na ndicho pia kilichofunika maiti. Wakati huo aliyeshika sindano alikuwa mwanaume. Fundi wa kanzu na kofia, pale Kasongo na Nyangwe, alikuwa mwanaume, na kwa muda mrefu fundi wa mjini alibaki hivyo. Kwenye barza za maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi, mwanaume mmoja na mashini yake ya Singer alikaa kutwa, akishona suruali na gauni kwa kitambaa ambacho mteja amenunua ndani ya duka hilohilo. Isaac Singer alipata hati ya mashini yake mwaka 1851, na kampani yake ikawazoesha watu duniani kote kulipa kidogo kidogo. Mashini hiyo haikuhitaji umeme. Mkono au miguu ilitosha, na ndiyo sababu ingali hai huku.

Hapa katikati kuna dhuluma moja isiyopaswa kurukwa. Mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji ulianza kulazimisha kilimo cha pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kujaribiwa. Kila nyumba ilipewa kipimo cha shamba. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Pamba ilinunuliwa kwa bei iliyopangwa na wanunuzi wenyewe, ikasafirishwa, kisha ikarudi ikiwa kitambaa. Mama wa Kasongo alilima pamba kwa kiboko, halafu akatafuta pesa ili anunue pamba hiyohiyo imvike mtoto wake. Viwanda vya nguo vilijengwa, kile cha Léopoldville katika miaka ya 1920, na baadaye Filtisaf ya Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Vilisaidia, lakini mlango wa shamba na mlango wa duka vilibaki mikononi mwa watu walewale.

Nani basi alimfundisha mwanamke kushona? Kwanza ni misheni. Tangu mwisho wa karne ya 19, Masista Weupe kando ya Tanganyika, kisha mashirika mengine ya masista na misheni za Waprotestanti, waliwakusanya wasichana na kuwapa sindano pamoja na katekisimu. Kusoma kulikuwa kidogo. Kupiga pindo, kutia kiraka, kufuma kwa sindano mbili kulikuwa kwingi. Pili ni waganga. Wabelgiji waliogopa kwamba watu wa Kongo wanapungua, na kampani zikaogopa kukosa wafanyakazi. Wakafungua sehemu za kupimia watoto wachanga walizoziita «gouttes de lait», yaani matone ya maziwa: mama analeta mtoto, mtoto anapimwa kilo, anaogeshwa, anatazamwa. Na ili mama arudi, alipewa kitu. Sabuni, chumvi, maziwa, au shati la mtoto. Kila mtu alijua neno lake: matabishi.

Shati hilo la matabishi lilikuwa chambo, hilo lisifichwe. Materniti ilipoanza, wanawake wengi hawakuwa na sababu ya kuacha nyanya na mashangazi waliowazalisha, wakalale kitandani kirefu mbele ya mgeni. Nguo ndogo nyeupe, iliyoshonwa misheni au iliyotumwa kwa parseli na Wakristo wa Ulaya, iliwavuta wengine. Mtoto aliyerudi kijijini na boneti alionekana. Majirani waliuliza. Mwaka uliofuata, jirani naye alikwenda. Haikuwa hila tu, kwa kuwa pale palikuwa na mikono iliyookoa watoto na mama zao. Lakini ndivyo shati lilivyoungana na mlango wa materniti, likianza kama zawadi. Pole pole zawadi ikageuka desturi, desturi ikageuka sharti, na siku utawala ulipokosa mashati ya kugawa, sharti lilibaki.

Katanga ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière iliamua kwamba mfanyakazi akae na mke na watoto kambini badala ya kuja na kuondoka. Ndipo ikafungua, pamoja na masista, vyumba vya kushonea vilivyoitwa «ouvroirs». Wake za wachimbaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikaa kwenye mabenchi wakishona nguo za watoto wao chini ya jicho la sista. Kampani ilihesabu. Mtoto mwenye afya leo ni mfanyakazi wa kesho, na mama mwenye kazi ya mkono hana muda wa kuzungukazunguka kambini. Mama naye alihesabu kwa upande wake: kitambaa cha bure, uzi wa bure, na ujuzi ambao hakuna mtu angemnyang'anya siku mume akifukuzwa kazi.

Halafu ikaja foyeri. Wazee wa Bukavu, Kisangani, Lubumbashi na Bujumbura bado wanaitaja kwa jina hilo moja, ijapokuwa jina zima lilikuwa «foyer social». Zilianza kabla ya vita ya 1940-1945, lakini zilienea baada yake. Mwaka 1947 ulianzishwa mfuko wa Fonds du Bien-Être Indigène, uliolipia materniti na kazi za jamii hata vijijini. Ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya sasa, ilifanya kazi toka miaka ya 1940 hadi uhuru, kwenye mitaa ambako wakaaji wengi walikuwa watu wa Kongo na Kiswahili kilikuwa lugha ya kila barabara. Mwalimu mzungu alisimamia, monitrisi mwafrika alifasiri na kuonyesha. Somo lilikuwa la kushona, kufuma, kutia viraka, kupiga pasi, kupika na kulea. Nyumba za wanafunzi zilitembelewa, na mashindano ya nyumba nzuri yalifanywa.

Nguo ya mtoto ilifaa kwa mwanzo. Ni ndogo, haili kitambaa, na kosa halionekani sana; tena ina kila kitu ambacho fundi anahitaji kujua: shingo, bega, mkono, pindo, tundu la kifungo. Mwanamke aliyemaliza shati la mtoto sawasawa angeweza kesho yake kukata shati la mume, kwa kuwa umbo ni lilelile, vipimo tu ndivyo vinavyokua. Mwalimu alikata patro kwenye karatasi ngumu, wanafunzi wakainakili, kila mmoja akarudi na yake nyumbani. Karatasi hizo hazikuwa uchawi wa Ulaya wa tangu zamani. Ulaya na Marekani zenyewe zilijifunza kununua patro za karatasi zenye saizi mbalimbali baada ya fundi Ebenezer Butterick kuanza kuziuza mwaka 1863. Kabla yake, bibi wa kule naye alilaza nguo kuukuu juu ya kitambaa kipya na kukata.

Foyeri ilikuwa na uso mwingine. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa njema ya kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kuandikishwa kama «évolué», mtu aliyeendelea. Mwanaume aliyeomba alitembelewa nyumbani. Wakaguzi walitazama meza, kitanda, choo, na namna mke na watoto wanavyovaa. Kwa hiyo pindo la shati la mtoto lilipimwa pamoja na tabia ya baba yake. Mwanamke alishona akijua kwamba mgeni atakuja kugeuza nguo upande wa ndani na kutazama uzi. Wengine walijivuna, wengine waliudhika, wengi walifanya yote mawili.

Na gharama kubwa ya mambo hayo yote iko upande wa kalamu. Msichana alipewa sindano mahali pa kitabu. Shule nyingi za wasichana ziliishia kwenye kazi za nyumbani, hata Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960 bila msichana aliyemaliza sekondari kuonekana popote. Sophie Kanza ndiye wa kwanza, alimaliza mwaka 1961. Mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri, tena waziri wa Mambo ya Jamii. Mtu akisifu ushonaji wa bibi zetu, na sifa wanastahili, asisahau kwamba wengi wao hawakuulizwa kama wangependa kujifunza hesabu.

Jambo la ajabu ni vile hesabu walijifunza kwa mlango wa nyuma. Kukata shati bila kupoteza kitambaa ni hesabu. Foyeri ilipofungwa jioni, mafundisho yaliendelea uani kwa namna ambayo mwalimu hakuipanga. Mama alimwonyesha mdogo wake, mdogo akamwonyesha mke wa kaka yake kijijini. Karatasi ngumu ilikosekana, ikashikwa ya mfuko wa simenti, ambayo ni imara, haipasuki upesi, na ina tabaka kadhaa. Sentimita ikakosekana, ukatumika uzi wenye mafundo: fundo la kifua, fundo la kichwa, fundo la urefu. Chaki ikakosekana, likashikwa kaa la moto lililozimwa. Amerikani nyeupe iliyopendwa na masista ikaacha nafasi kwa kikwembe chenye maua, kwa kuwa kikwembe kilichochakaa kiko katika kila nyumba na uchafu wake hauonekani haraka. Mtoto mzuri wa foyeri alikuwa mweupe kuanzia boneti mpaka shoseti; mtoto wa uani alivaa ndege, majani na taa za kikwembe cha mama yake.

Baada ya uhuru mambo hayakwenda kwa mstari mmoja. Uasi wa 1964 upande wa mashariki ulivunja misheni nyingi, masista waliuawa au walikimbia, mashini ziliporwa. Miaka iliyofuata vituo vikafunguliwa tena, na shule za «coupe et couture» zikaongezeka. Siasa ya Authenticité ya Mobutu, kuanzia mwaka 1971, ilimkataza mwanamke suruali na sketi fupi, ikamrudisha kwenye kikwembe. Mafundi wakapata kazi nyingi, na mabaki ya vikwembe vya akina mama yakawa nguo za watoto. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 ikatangazwa zairianisation. Maduka ya wageni yakakabidhiwa watu ambao wengi hawakujua biashara, na baada ya muda mfupi uzi, sindano na vifungo vikaanza kuwa adimu. Sindano ya mashini ikivunjika, kazi inalala. Uporaji wa 1991 na 1993 uliangusha mengi yaliyobaki, vita zikamaliza, na majengo ya Filtisaf pale Kalemie yakanyamaza.

Wakati huohuo baloti ziliingia. Nguo zilizovaliwa na watoto wa Ulaya na Marekani, zimekandamizwa na kufungwa kwa mikanda, zikafunguliwa sokoni alfajiri, na gauni la mtoto likauzwa kwa bei ndogo kuliko uzi wa kulishonea. Fundi wa barza alilalamika, na alikuwa na haki. Mama mwenye pesa kidogo alishukuru, naye alikuwa na haki. Lakini baloti ina udhaifu mmoja ambao kila mzazi anaujua: nguo za mtoto wa siku moja ni chache ndani yake, zinagombaniwa, na zile nzuri zinakwenda kwa anayefika kwanza na pesa mkononi. Nguo za mtoto wa mwaka mmoja ziko tele. Mtoto mchanga ndiye anayebaki bila kitu, na hapo ndipo patro ya nyumbani haijawahi kushindwa.

Basi inafaa kueleza namna shati linavyokatwa, maana wengi walijifunza kwa kutazama tu, na watazamwaji wametawanyika.

Kipande kizima cha vikwembe kina yadi 6, na kikwembe kimoja kina yadi 2, yaani karibu mita 1 na sentimita 80 kwa urefu, na upana wa karibu mita 1 na sentimita 15. Kipya kifuliwe kwanza kwa maji ya moto, mara mbili ikiwezekana, kwa sababu kina wanga unaokwaruza, kinatoa rangi na kinapungua. Kuukuu ni bora kuliko kipya. Pamba iliyofuliwa miaka mitano haina tena ugomvi na ngozi ya mtoto.

Shati la mtoto wa siku ya kwanza halina mshono wa bega. Chukua pande la urefu wa sentimita 64 na upana wa sentimita 50. Likunje katikati kwa urefu wake. Mahali pa kukunja ndipo mabega. Likunje tena kushoto juu ya kulia. Sasa una tabaka nne, na kona moja yenye mikunjo yote miwili: hiyo ndiyo shingo. Kata hapo duara dogo, si zaidi ya sentimita 5 kutoka kona, kwa maana shingo ikiwa kubwa mno haina dawa, na ikiwa ndogo inaongezwa. Kutoka mkunjo wa bega shuka sentimita 11 kwa ajili ya mkono, ingia ndani, kisha teremka mpaka chini, ukiacha mwili sentimita 13 kutoka mkunjo wa katikati. Ukifungua, kifua kinakuwa sentimita 26 mbele na 26 nyuma. Kwapa lipinde kama mwezi mchanga, usilikate kama kona ya meza, vinginevyo litapasuka kwanza hapo. Mwisho, fungua nguo na kata upande wa mbele tu, moja kwa moja toka shingo hadi chini.

Kufungua mbele kuna sababu. Mtoto mwenye kitovu kibichi hapitishiwi nguo kichwani, na mama mwenye maumivu hapaswi kupigana na shingo nyembamba. Vifungo vikae mbali: mtoto atavila. Kamba nne za kitambaa hichohicho, fupi kama kiganja, zinatosha, mbili kifuani na mbili chini yake; shingoni isiwekwe hata moja. Mshono ukae upande wa nje kwa mwezi wa kwanza, hata kama bibi mkwe atacheka kwamba nguo imevaliwa kinyume. Au ushonwe mara mbili, kwanza nje kisha ndani, mpaka ncha za uzi zifichwe. Asiye na mashini atumie mshono wa kurudi nyuma kwenye kwapa na mbavu, na mshono wa kawaida kwenye pindo. Ni kazi ya mchana mmoja, pamoja na kunyonyesha mwingine na kupika.

Katika kikwembe kimoja yanatoka mashati manne ya namna hiyo. Lile pande linalobaki mwishoni linatoa boneti mbili, bavete na kamba zote. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati kina mzunguko wa karibu sentimita 35, nacho ndicho sehemu kubwa ya mwili wake, kinapoteza joto upesi kikiwa na maji. Goma iko juu ya mita 1500, Lubero na vilima vya Minembwe viko juu zaidi, na usiku wa huko si wa kuchezea. Wauguzi wanasema mtoto akaushwe, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, avikwe boneti, afunikwe. Kuoga kungoje siku ya pili. Katika hilo waganga wa leo wamerudi karibu na wazee wa zamani: joto la kwanza ni la mama. Shati linakuja baadaye, na mtoto asiye nalo hajakosa uhai kwa sababu hiyo. Muuguzi anayemrudisha mama nje kwa ajili ya mfuko amesahau kwamba mfuko uliletwa ili kumvuta ndani.

Vita za hapa zimewafundisha mafundi nini cha kubeba. Mashini ya miguu ni nzito. Meza na pedali zinaachwa, kichwa cha mashini kinafunguliwa kwa bisibisi, kinafungwa ndani ya kikwembe na kubebwa kama mtoto. Wengine walifanya hivyo mwaka 1996, wengine lava ya Nyiragongo ilipoingia Goma tarehe 17 Januari 2002, wengine tena mwaka 2012, na tena miaka hii ya mwisho, toka Rutshuru na Masisi hadi Bulengo na Kanyaruchinya, kisha tena barabarani makambi ya Goma yalipovunjwa Februari 2025. Karatasi za patro hazifiki mbali. Mvua moja inazimaliza. Kinachofika ni vidole vilivyozoea kukunja mara mbili na kutafuta kona ya shingo.

Ndiyo maana katika sehemu ambako familia zilizokimbia zimejipanga upya, chini ya hema au kwenye nyumba ya wenyeji, unaweza kuona mama anakata bila karatasi na mwingine anashika ncha ya kitambaa. Aliyetoka Masisi anafanya kwapa lake kwa namna moja, aliyetoka Fizi kwa namna nyingine, wanabishana kidogo. Malipo, kama yapo, ni uzi, sabuni, au kopo la unga. Mara nyingi wanaanza na mwenye mimba iliyo karibu zaidi. Kikwembe chake kinatazamwa mbele ya mwanga ili kujua wapi kimechakaa mno, sehemu hiyo inawekwa kando kwa nepi, na iliyo nzima inakunjwa.

Shati likimbana mtoto, kwa kawaida mwezi wa tatu au wa nne, halitupwi. Linafuliwa, mshono wa upande mmoja unafumuliwa kwa wembe, linalazwa wazi juu ya kikwembe cha mama anayefuata, na kipande cha kaa kinapitishwa pembeni mwake, kidole kimoja nje kwa ajili ya mshono.